Safu ya Mtoa Taarifa

Jumatatu, 3 Machi

Hedaru tena. Daftari la tatu la vifo, ofisi ya kijiji, meza ile ile yenye mguu mmoja mfupi. Nimenakili mpaka vidole vikafa ganzi. Malori hayaishi kupiga honi. Mtendaji wa hapa amefunga Ramadhani, kwa hiyo sambusa zangu nimezila stoo, nimesimama kati ya majembe mapya na mabango ya uchaguzi wa zamani. Aibu kidogo, ila njaa haina adabu.

Safu ni tano: jina la marehemu, umri, tarehe, sababu, mtoa taarifa. Nataka kujua kama muuaji wa mfululizo angeweza kupita ndani ya madaftari yetu bila mtu kumwona. Msimamizi wangu chuoni anasema swali ni zuri. Anasema pia nipunguze utani kwenye sura ya pili.

Jumatano, 5 Machi

Same. Joto. Feni inazunguka ikijisikia. Sura ya pili, fasili.

Watafiti hawakubaliani hata juu ya idadi. Kwa wengine watu wawili wanatosha, wengine wanataka watatu, na kila mmoja anamwona mwenzake mzembe. Wote wanataka matukio mbalimbali. Aliyeua wengi mahali pamoja kwa mkupuo mmoja ni muuaji wa halaiki, huyo ana sura yake. Kati ya tukio na tukio pawe na muda. Waliuita kipindi cha kupoa. Kupoa! Kama uji. Baadhi yao sasa wameuacha, maana hakuna aliyeweza kusema kupoa ni siku ngapi.

Halafu aina. Anayesikia sauti zikimtuma. Anayejiona amepewa kazi ya kusafisha dunia. Anayefanya kwa starehe. Anayetaka kushika uhai wa mwenzake mkononi. Wanawake wamepewa majina yao pembeni: mjane mweusi, anayewamaliza waume zake, na malaika wa kifo, anayewamaliza wagonjwa aliokabidhiwa awauguze.

Napenda kazi hii. Nisijifanye siipendi. Kuweka watu kwenye visanduku kunanituliza kuliko kanisa.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani, juu ya Myamba. Basi mpaka Bendera, kisha pikipiki. Tope. Mara mbili nimeshuka nikasukuma, dereva ananiambia pole bila kugeuka.

Shangazi Nakiete amenipokea na makande. Ni dada yake baba. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, Shangazi akanichukua, akanisomesha kwa tangawizi zake. Mumewe naye alishatangulia. Sasa yuko peke yake na mbuzi wawili wakorofi.

Niandike na hili, kwa ajili ya kumbukumbu. Mgonjwa wa hapa akifika pale ambapo dawa zimekwisha kazi, anaitwa Shangazi. Anakaa kitandani pake. Ana kikopo chake cha bati, cha mama yake, anatia maji na asali kidogo, anachovya pamba, anamlowanisha mgonjwa midomo. Akikata roho anamfumba macho, anamwosha. Kesho yake Shangazi ndiye anayekwenda ofisi ya kijiji kutoa taarifa ili kibali cha kuzika kiandikwe, maana hapa wafiwa hawatoki nje ya boma siku hiyo.

Haendi bila kuitwa. Na haitwi kwa simu. Lazima mtu wa nyumba ile aje kwa miguu yake, asimame uani, aseme. Hata kama nyumba iko hapo chini na anasikia mgonjwa akikoroma, atasubiri. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maringo.

Jumanne, 11 Machi

Daftari la kijiji chetu. Nimemaliza kuliingiza kwenye kompyuta. Nikapanga orodha kwa safu ya mtoa taarifa, kama nilivyofanya kwingine. Hedaru majina yalitawanyika, huyu mara moja, yule mara mbili. Hapa: Nakiete. Nakiete. Nakiete. Mara kumi na moja.

Nimecheka mwenyewe hadi mbuzi wakanitazama. Nikaongeza safu ya sita, ya mzaha. Aina: malaika wa kifo. Mume wake mwenyewe yumo pia, na huyo nikamwandikia mjane mweusi.

Kisha nikasoma safu ya sababu. Homa. Uzee. Homa. Homa. Uzee. Hakuna hata mmoja aliyepimwa. Matukio mbalimbali, ndiyo. Muda kati ya moja na jingine, ndiyo. Wagonjwa wasiojiweza, ndiyo. Mtu yule yule, ndiyo.

Sikucheka tena. Nimeifunga kompyuta nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya upumbavu.

Nilirudisha daftari ofisini. Mtendaji ni kijana, ameletwa kutoka tambarare, hana hata nusu mwaka hapa. Anaandika anachoambiwa. Nikamwuliza, kwa sauti yangu ya chuo: "Hivi wewe hujaona kwamba huyu mama yuko kwenye vifo karibu vyote?" Akalifungua. Akalamba kidole, akapekua, akapekua tena, uso unabadilika. Nikaona fahari. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliona fahari kumwonyesha kitu asichokiona.

Kwenye benchi alikuwa Mama Upendo, mkwe wa Mzee Elisante, jirani yetu wa chini. Alikuwa anasubiri barua ya utambulisho. Alijifunga kanga upya akaondoka, barua hakuichukua.

Ningeweza kumkimbilia. Ningesema, ah, natania, si unajua kazi ya Shangazi. Sikukimbia. Nilikuwa bado nasubiri mtendaji amalize kushangaa.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi amepiga simu. Nilimtumia orodha juzi kabla sijafikiri. Amefurahi sana. Anasema hicho ni kisa, anataka sura nzima. Nilimwambia huyo ni shangazi yangu. Akasema basi tutambadilisha jina.

Mchana. Shangazi ametoka kwenda kukata majani ya mbuzi. Nimekichukua kikopo chake kwenye kamba ya juu ya meko. Nikakinusa. Nikapitisha kidole ndani. Sijui nilitegemea nini. Nilipoinua uso yupo mlangoni na mzigo wa majani kichwani.

"Ni asali, mwanangu," akasema. "Onja."

Nikaonja. Ni asali. Lakini kabla ya kumeza nilisita, na yeye aliona nimesita. Hilo ndilo linaloniuma. Huyu mwanamke alinitafunia chakula nilipokuwa na surua.

Jumatatu, 17 Machi

Msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kila nyumba imetoa mtu kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, maana limejaa mchanga na zamu za maji ya mashamba zimevurugika. Wanawake tulipanga mstari kutoka ndani ya bwawa mpaka ukingoni, karai linatoka mkono huu linaingia mkono huu. Nyimbo. Matani. Wamenicheka mikono yangu laini.

Shangazi alikuwa wa sita, mimi wa tisa. Mara nikaona mstari umekatika pale alipo. Wa tano hakumpa karai mkononi. Aliliweka chini, akasogea nyuma, Shangazi akainama kuliokota. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Na wa saba naye alingoja aliweke chini ndipo aliinue. Nyimbo ziliendelea.

Shangazi ana miaka sabini na kidogo. Aliinama asubuhi nzima.

Wakati wa kunywa uji nilisikia nyuma yangu, kwa sauti ambayo haikujificha: "Hata mtoto wa kaka yake, tena msomi, ameuliza." Sikugeuka.

Alhamisi, 20 Machi

Mtendaji amekuja na mwenyekiti wa kitongoji. Shikamoo nyingi. Viti vimetolewa nje. Wana adabu, siwezi kuwalaumu. Taarifa imefika kata, wanasema, na wao wanatimiza wajibu tu. Huwa unawapa nini, mama? Nani huwa chumbani? Kwa nini ni wewe siku zote?

Shangazi amejibu moja baada ya jingine, taratibu, kama anasoma risala. Asali na maji. Wenye nyumba huwa chumbani. Ni mimi kwa sababu wananiita. Wakaomba kikopo. Akakitungua mwenyewe, akakifuta kwa upindo wa kanga, akawapa. Kimeondoka ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na chupa ya asali.

Anajua ni mimi. Hajasema. Jioni amenipakulia kama kawaida, na mafuta ya juu amenipa mimi. Ningependa anitukane.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudia fasili zangu zote, zile za wawili na zile za watatu. Nilikuwa natafuta mlango wa kumtolea Shangazi. Nilitaka kupata kipengele kimoja ambacho hakitimizi.

Kipo, na kiko mwanzoni kabisa. Zote zinaanza na kuua. Kuua kwanza, ndipo idadi, ndipo muda, ndipo aina. Mtu aliyeuawa, na ikajulikana ameuawa. Mimi nililiruka neno hilo nikaanza kuhesabu. Nilichukua watu kumi na moja waliokufa vitandani mwao, na mwanamke aliyewashika mkono, nikatafuta kisanduku kinachomfaa. Kisanduku kikapatikana. Nadhani kingepatikana kwa mchungaji pia, na kwa fundi seremala anayechonga majeneza.

Bibi yangu ni namba nne kwenye orodha ile. Nilikuwepo. Nilishika taa.

Nimeifuta safu ya sita. Nimempigia msimamizi, nikamwambia kisa hakipo. Anasema basi iwe sura juu ya makosa ya utafiti, itakuwa nzuri zaidi. Hata kosa langu analitafutia namba ya sura. Nimekata simu, mara ya kwanza kumfanyia hivyo mtu mzima.

Kufuta safu kumechukua sekunde moja. Huku mlimani hakuna kitufe cha kufuta.

Jumapili, 23 Machi

Mzee Elisante yuko mwisho. Alikuwa mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, mkali, mwenye peremende mfukoni. Tumetangaziwa kanisani tumwombee. Benchi letu tulikaa wawili, mimi na Shangazi, benchi la watu sita.

Tulipotoka, mjukuu mkubwa wa kike wa mzee aliniambia pembeni kwamba babu anamtaja Nakiete tangu Ijumaa. Midomo imepasuka. Wanampa maji kwa kijiko, yanarudi, anapaliwa, wanaogopa. Na kumwita Nakiete pia wanaogopa.

Shangazi ameoga mchana. Amevaa kanga safi. Amekaa kwenye kigoda uani, ameelekea njia inayopanda kutoka kwao. Paa la nyumba yao unaliona kutoka hapo.

Nilimwomba aende. Nikapiga magoti. Nikasema mzee anateseka, Shangazi, nenda tu.

"Sijaitwa."

Nikasema wanaogopa kwa sababu yangu. Nilisema hivyo wazi, mara ya kwanza. Akasema, "Najua." Akaendelea kuitazama njia mpaka jua likashuka, ndipo akaingiza kigoda ndani.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeshuka kwa Mzee Elisante asubuhi. Kabla ya hapo nilipitia ofisini nikamchukua mtendaji. Nilimwambia aje na kalamu. Alikuja, masikini, hata sijui alidhani anakamata nani.

Wanaume walikuwa nje wamekaa kwenye magogo. Mama Upendo alikuwa mlangoni na beseni. Kutoka ndani nilisikia pumzi ya mzee, kavu, inakwaruza.

Nikawaamkia. Mama Upendo akaniambia, "Umefuata nini? Wewe si ndiye uliyeuliza?"

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikasema niliuliza swali ambalo jibu lake ninalijua tangu nikiwa na miaka sita. Jina la Shangazi liko kwenye lile daftari kwa sababu ninyi mlikuja uani kwetu kumwita, na kesho yake mlikaa ndani kulia, yeye akaenda ofisini kwa niaba yenu. Hakuna aliyeua mtu. Hakuna hata aliyesema mtu ameuawa. Nilitaka tu mtendaji aone mimi ni msomi. Nikamgeukia mtendaji nikamwambia aandike hivyo, na atie na neno msomi.

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa kwanza wa mzee alitazama miguu yake. Mimi nilikuwa nalia na kamasi, sura mbaya kabisa.

Mama Upendo akasema, "Haya ungeyasema siku ile pale kwenye benchi." Kweli kabisa.

Kisha akaweka beseni chini. Akatoa kanga kwenye kamba, akajitanda, akaanza kupanda njia ya kwetu. Hakuniita nimfuate. Nilimfuata kwa mbali. Alipofika uani akasimama, akasema yanayosemwa. Shangazi alikuwa ameshavaa. Alisimama kabla hajamaliza.

Jumanne, 25 Machi

Mzee Elisante amekufa leo saa kumi alfajiri.

Kikopo bado kiko kata. Shangazi aliomba kikombe chochote cha nyumba ile, wakamletea cha plastiki cha kijani. Asali yao, maji yao. Kila kitu akakiacha kwenye stuli, wote wakione. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mzee mkono, akamwambia, "Baba, nimekuja." Mzee akafumbua macho. Alimjua.

Nilikuwa nimesimama ukutani. Shangazi hakunitazama. Alisema, "Njoo ushike wewe." Akanitilia pamba mkononi. Chumba kimejaa watu, wana, wakwe, mtendaji amesimama kizingitini na daftari lake kwapani. Nikaelewa kwamba hataki mkono wake uonekane kwenye kikombe. Amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa na sasa hataki mkono wake uonekane.

Nikachovya. Nikapitisha kwenye midomo. Ilikuwa migumu kama ganda la muhogo. Nikachovya tena. Alinyonya pamba kidogo, kama mtoto. Asali ikamdondokea kidevuni, Shangazi akaifuta kwa kidole gumba. Tulikaa hivyo kutwa kucha. Hakuna la ajabu lililotokea. Pumzi ikawa ndefu, ikawa fupi, ikakoma.

Shangazi alingoja. Kisha akasema, "Mfumbe macho." Nikamfumba.

Mama Upendo alikuja akamwegemea Shangazi begani akalia. Wanaume walikohoa. Nadhani wengine wameona aibu. Nadhani pia wengine bado wana shaka, na wataendelea kuwa nayo, na watamwekea karai chini siku nyingine. Sina la kufanya kwa hilo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Shangazi alikuwa anachambua maharage. Saa mbili nikamwuliza kama tunakwenda pamoja ofisini.

"Nenda wewe," akasema. "Jina langu limetosha humo."

Nimeshuka na mwavuli uliovunjika mbavu moja. Mtendaji alikuwa peke yake. Alifungua daftari, akalipapasa kama linaumwa. Jina la marehemu. Umri. Tarehe. Sababu, nikasema uzee. Akafika safu ya tano, akaniangalia. Nikamtajia langu, Namsifu, na jina la baba. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa. Juu yake lilikuwa Nakiete, na juu yake Nakiete. Akakata kibali, akagonga muhuri.

Nilimwuliza kikopo kitarudi lini. Akasema amewaandikia kata.

Nimerudi nimelowa. Kibali nimekipeleka kwa wafiwa, kisha nyumbani. Makande yalikuwa jikoni. Tumekula. Shangazi akaniuliza naondoka lini. Nikasema Ijumaa, tukishamzika mzee, chuo kinanisubiri.

Akaendelea na maharage yake, mabovu huku, mazima huku.

"Basi wakija uani kukuita Jumamosi," akasema, "nitawaambia umesafiri."

Begi liko karibu na mlango. Sijalifunga.